Digrii Thelathini

Mabati yalitolewa chini ya godoro la Adoyo Jumamosi moja mwishoni mwa Juni, mawili mawili, kwa sababu milango ya nyumba za kambi ya wafanyakazi wa chai ni myembamba na bati la mita tatu halipindi kona. Yalikuwa thelathini na sita. Kwa miaka minne msichana huyo alikuwa amelala juu yake, na kila alipogeuka yalilia chini ya godoro kama mtu anayetembea juu ya paa. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, amejifunga blanketi mpaka kidevuni, akimwangalia baba yake Kepher na mnunuzi kutoka Sondu wakiyapitisha mlangoni.

"Baba, kitanda kitakuwa chini," alisema.

"Kitakuwa chini, lakini utalala kwa joto."

Mnunuzi aliinua bati moja akalipeleka kwenye mwanga. "Hii imeshika kutu kwa kona."

"Hiyo ni vumbi." Kepher alifuta kwa mkono wa sweta yake. Haikutoka. "Haya mabati hayajawahi kuona mvua, ndugu yangu."

"Hayajaona mvua lakini yameona miaka. Nitalipa kama ya zamani."

Wakavutana kidogo, na Kepher akakubali bei aliyokuwa ameapa asubuhi kwamba hataikubali. Apiyo, mkewe, alisimama kando ya mlango amekunja mikono. Gari la mnunuzi likateremka kati ya michai na kupotea.

"Nyumba yetu ndiyo hiyo imeenda Sondu," akasema.

"Haikuwa nyumba. Yalikuwa mabati."

"Kule nyumbani kando ya ziwa mtoto haumwi. Tulienda Desemba, akacheza mpaka nikasahau kama ni mgonjwa. Ungejenga hata chumba kimoja, mimi nihamie na yeye, wewe ubaki na kazi yako."

"Nijenge aje na Jackton hajajenga? Unataka nimruke ndugu yangu mkubwa?"

"Mpigie simu umwambie ajenge."

"Mtu hapigiwi simu kuambiwa ajenge, Mama Adoyo."

"Basi nitampigia mimi."

"Wewe ni mke wa mdogo wake. Utamwambia nini?"

Kwao, mkubwa ndiye hutangulia kuweka boma lake, kisha anafuata aliye chini yake, na mdogo akitangulia watu husema amejiletea mkosi mwenyewe. Kepher hakuwa na hakika kama anaamini. Lakini walikuwa wamemzika mtoto mmoja tayari, kaka yake Adoyo, kwa ugonjwa huu huu wa selimundu, na hakuwa tayari kujaribu jambo kama hilo juu ya kichwa cha huyu aliyebaki.

Adoyo alikuwa na miaka tisa. Daktari alikuwa amewaambia kwa maneno machache: maji mengi, dawa kila siku, na asiruhusiwe kushikwa na baridi, kwa maana baridi ndiyo huifanya damu yake ikwame mishipani na kumletea yale maumivu ya mifupa. Kusema hivyo ni rahisi. Huku juu kwenye chai, Julai ikifika, ukungu huingia kwa dirisha asubuhi na kutoka saa tano. Mwaka uliopita walikuwa wakilala na jiko la makaa ndani, mpaka siku Apiyo alipoamka kichwa kikizunguka na kumkuta mtoto amelegea kama nguo. Tangu siku hiyo jiko halikuvuka tena kizingiti cha chumba cha kulala.

Hita ya stima ilikuwa imekatazwa. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi tangu nyumba za kambi namba nne zilipoungua: koili, hita, jiko la stima, pasi, birika la stima. Atakayepatikana na kimojawapo atahama. Kepher, mtu wa kufanya mambo hatua kwa hatua, alilisoma tangazo hilo mara tatu na kulinakili nyuma ya kalenda. Kisha dereva wa meneja akamwambia kwamba kwenye nyumba ya wageni kuna mashine ya ukutani, ukibonyeza hivi inaleta baridi, ukibonyeza hivi inaleta joto. Kepher akarudi kwenye kalenda yake. Mashine ya ukutani haikuwemo. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa kambi anaweza kuinunua.

*

Edinah Nyaberi, karani wa kambi, alikuwa amevaa sweta mbili, na juu yake shuka. Alisoma barua ya Kepher, akaigeuza aone kama nyuma kuna maelezo mengine.

"Mzee Kepher, hii ni ile mashine ya kupoza nyumba?"

"Ndiyo, madam."

"Hapa?" Alionyesha dirisha kwa kalamu. Nje, ukungu ulikuwa umemeza michai yote mpaka barabarani. "Kwani baridi ya hapa haikutoshi?"

Wachumaji waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kepher alikuwa amejua swali hilo litakuja, na hakuweza kusema ukweli. Neno joto likiingia kwenye faili, mashine ingeitwa hita.

"Ni mke wangu," alisema polepole. "Anaskia joto sana. Hasa akilala. Ni yale mambo ya umri."

"Woi! Apiyo? Si bado ni mdogo!" Edinah alicheka mpaka shuka ikamwanguka begani. "Haya. Haiko kwa orodha, kwa hivyo siwezi kukataza. Lakini ukitoboa ukuta wa kampuni, siku ya kuhama utaurudisha vile ulikuwa. Weka sahihi hapa."

Akaweka. Jioni ile Apiyo alirudi kutoka bombani, akatua mtungi kwa kishindo.

"Umewaambia nini huko ofisini? Wanawake wananiuliza kama wanimwagie maji. Mmoja amenipepea na leso."

"Ni maneno tu. Ni ya mtoto."

"Si ungewaambia ni wewe uko na joto?"

Hilo halikuwa limemjia Kepher kabisa.

*

Duka la Kinyua lilikuwa mjini Kericho, limejaa friji na televisheni, na mwenyewe alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Kepher alienda amevaa koti lake la kanisani. Wanaume wawili walikuwa wanatazama mpira kwenye televisheni ya kuuzwa, na alipoitaja mashine aliyoitaka, waligeuka.

"Iko, iko," Kinyua alisema. "Hatuuzi nyingi. Unaweka wapi, mzee?"

Kepher alihisi macho ya wale wawili kwenye mgongo wa koti. Aliiona nyumba yake, vyumba viwili chini ya bati, nguo za kazi zikining'inia msumarini. Akaona jinsi watakavyocheka.

"Fort Ternan," akasema. "Ni ya shemeji yangu."

"Ah, huko chini kwa miwa! Huko kuna joto la kweli. Basi hii itamfaa." Kinyua alitoa rimoti kwenye nailoni, akaitia betri. "Ni rahisi. Hapa unashuka mpaka kumi na sita. Hapa unapanda mpaka thelathini."

"Thelathini nini? Digrii?"

"Digrii."

Kepher aliishika rimoti mwenyewe, akabonyeza mpaka namba ikafika: 30. Hiyo aliijua. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kiwandani, mahali pa kunyausha majani, ambapo feni kubwa hupuliza hewa chini ya chai usiku na mchana. Feni ni hiyo hiyo moja. Siku ya jua unaiacha ivute hewa ya nje, na siku ya mvua unafungua mlango wa upande wa boila, nayo inaleta hewa ya moto. Ni yeye aliyesoma kipima joto na kuandika ubaoni. Hewa ya thelathini hulainisha jani, ukiingiza mkono unatoka na jasho. Thelathini ni nyumbani kando ya ziwa saa kumi alasiri, mtoto akicheza bila viatu.

"Iko ingine pale kwa kona," Kinyua alisema. "Imezidi hii elfu kumi na moja, lakini hiyo inaweza—"

"Hii inatosha."

"Nilitaka tu nikueleze tofauti."

"Bwana Kinyua," Kepher alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikutafuta ruhusa, "mimi niko kiwandani miaka kumi na tisa. Kazi yangu ni hewa."

Kinyua aliinua mikono yote miwili akacheka kwa wema. "Basi wewe ndio daktari." Akaandika risiti. Chini ilikuwa imepigwa chapa kwamba mali ikitoka dukani haibadilishwi, na Kepher, aliyesoma tangazo la ofisi mara tatu, hiyo aliikunja bila kuisoma.

*

Fundi aliitwa Ryan, mtu wa ndevu, na kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza friji. Alifika Jumatatu moja katikati ya Julai na pikipiki, drili mgongoni, akatazama nyumba, akatazama ukungu.

"Mzae, hapa unapoza nini na kumeshapoa?"

"Wewe toboa."

"Sawa. Doo ni yako, wewe ndio unalipa."

Watu wa kambi walikuja kutazama. Ukuta wa mawe ulitobolewa tundu la kupitisha mkono, sanduku la nje likatundikwa karibu na kamba ya nguo, na la ndani likawekwa mahali Kepher alipokuwa amepima kwa rula: juu kabisa ya kitanda cha Adoyo, ili joto limwangukie yeye kwanza. Adoyo alikaa kitandani, macho makubwa, akifuata kila waya.

Ryan alibonyeza. Sanduku la nje likaanza kunguruma, taa za nyumba zikafifia, na jirani akapiga kelele upande wa pili wa ukuta. Kisha mdomo wa mashine ukafunguka na baridi ikashuka. Haikuwa ile baridi ya Julai iliyozoeleka. Ilikuwa baridi kavu yenye makali, iliyompata mtoto usoni mpaka akavuta blanketi.

"Zima!" Apiyo alisema.

"Inafanya kazi fiti," Ryan alisema. "Skia hiyo."

"Sasa weka thelathini," Kepher alimwambia.

"Thelathini? Ya nini sasa?"

"Weka."

Ryan akaweka. Sanduku la nje likanyamaza. Taa zikarudi. Mdomo wa mashine uliendelea kupuliza, lakini makali yalikuwa yameisha, na baada ya baridi ile, hewa ya kawaida ya nyumba yao iliwapata kama kiganja cha mtu.

"Umeskia?" Kepher alimgeukia mkewe. "Umeskia, Mama Adoyo?"

"Baridi imepungua."

"Haijapungua. Imegeuka."

Ryan alimtazama Kepher, akatazama rimoti, akafungua mdomo. Kisha akatazama saa. Alikuwa na friji mbili zinamngoja Kapsoit, na mzee huyu alionekana mtu anayejua anachotaka. Akachukua pesa yake, akafunga drili kwenye pikipiki.

Walipobaki watatu, Kepher alisimama chini ya mashine, rimoti mkononi, akamwinamia binti yake.

"Unaskia joto?"

Adoyo alimtazama baba yake kwa muda. Koti la kanisani alikuwa amelivaa tena, siku ya kazi.

"Naskia, Baba," alisema.

*

Jumanne mvua ilinyesha. Kepher aliingia kutoka kiwandani, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Namba ilikuwa 30.

"Mimi naskia upepo tu," Apiyo alisema. Alikuwa anapika amejifunga leso kichwani.

"Upepo ndio hubeba joto. Hata kiwandani ni hivyo. Hizi kuta ni za mawe, lazima zipate moto kwanza. Ukianza na majani baridi, huwezi kutarajia saa ile ile."

"Majani si mtoto."

"Na umeona haikati stima? Tangu Ryan aende, fyuzi haijaanguka hata mara moja. Hita ingekuwa imeshazima kambi nzima. Hii ni ya kisasa."

Akaongeza nguvu ya feni. Feni ikiongezwa, hewa ya moto inaongezeka, hilo alilijua kama jina lake. Upepo ukapeperusha kona ya blanketi la Adoyo.

"Joto iko?"

"Iko, Baba."

Jumatano alimkuta amevaa soksi mbili na kofia ya sufi.

"Na hiyo kofia?"

"Naipenda tu."

Kepher akacheka. Alikula vizuri jioni ile, akamwambia mkewe kwamba mwakani, Mungu akipenda, wataanza tena kununua mabati, mawili mawili kila mwisho wa mwezi, kama walivyofanya mwanzo. Apiyo alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa anatazama sahani.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Kepher aliitwa kutoka kwenye majani. Apiyo alikuwa kwenye simu, na nyuma ya sauti yake Kepher hakusikia kilio cha mtoto, na hapo ndipo alipoogopa.

"Adoyo ameshikwa," Apiyo alisema. "Ni mgongo na miguu. Mikono imefura. Kuja."

Walimpeleka mjini kwa gari la kampuni lililokuwa linashuka na barua. Njia yote mtoto aliuma ukingo wa blanketi. Hospitalini walimtundikia maji na kumdunga sindano ya maumivu, na hakulia. Muuguzi, mwanamke mnene asiye na haraka, alichukua kalamu.

"Alikuwa analala pahali pa baridi?"

"La," Kepher alisema. "Nyumba yetu iko na joto."

"Joto ya nini? Jiko?"

"Ya mashine. Ya ukutani. Ni digrii thelathini."

Muuguzi alimtazama gambuti, akapandisha macho taratibu mpaka kwenye ovaroli ya kiwanda. Hakuandika. Akamshika Adoyo mguu. "Huyu mtoto alikuwa anaganda, baba. Sijui mashine yenu, lakini mimi najua miguu."

Kepher akatoka. Rimoti ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa ameikamata wakati wa kumbeba mtoto, bila kujua kwa nini.

Kinyua alikuwa peke yake dukani. Kepher aliiweka rimoti juu ya meza ya kioo.

"Hii mashine haifiki thelathini," alisema. "Inaandika thelathini lakini haifiki. Umeniuzia mbovu."

"Haifiki aje?"

"Joto. Haileti joto. Mtoto wangu yuko hospitali."

Kinyua alivaa miwani yake, akaivua. "Mzee, hii ni ya kupoza tu. Thelathini si joto inaleta. Thelathini ni pale unaiambia isipoze mpaka nyumba ipite hapo. Nyumba yako ikiwa na digrii kumi na nne, hiyo mashine inakaa tu, inapuliza ile hewa imeikuta."

"Ndio maana haikati stima," Kepher alisema, taratibu.

"Ndio maana. Haikuwa inafanya kazi yoyote." Kinyua alionyesha kona kwa kidole, kama mtu anayeona haya kuonyesha. "Ya kuleta joto ni ile. Ile nilitaka kukueleza. Inageuka, inafanya pande zote."

Kepher hakutazama kona.

"Na mbona hukuniambia?"

"Mzee." Kinyua hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angeipandisha. "Uliniambia Fort Ternan. Uliniambia shemeji. Nani ataleta joto Fort Ternan?"

Lori lilipita nje, televisheni zote zikatetemeka kidogo. Kinyua alisema sheria ya duka ni hiyo iliyo kwenye risiti, lakini kwa sababu ya mtoto anaweza kuichukua kwa nusu ya bei, akiifungua mwenyewe na kuileta bila kukwaruzwa. Alisema pole. Alisema tena. Kepher aliichukua rimoti yake, akairudisha mfukoni, akashukuru, kwa sababu hakujua kitu kingine ambacho mtu husema akitoka dukani.

Njiani aliyahesabu yale majibu. Naskia, Baba. Iko, Baba. Naipenda tu. Mara kumi, labda kumi na mbili, na kila mara alikuwa ameridhika.

*

Jackton alifika Jumamosi kutoka Sigor, anakotengeneza pikipiki, mikono yake ikiwa na ile grisi isiyotoka kwa sabuni. Alileta chupa ya mursik, maziwa ya mgando, aliyopewa na jirani yake Mkipsigis, akaiweka juu ya kabati dogo la hospitali, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mke wako alinipigia simu ile siku uliuza sijui nini," alimwambia Kepher. "Alinitukana vizuri."

"Shemeji, sikukutukana," Apiyo alisema, akitazama sakafu. "Nilikuuliza tu."

"Uliniuliza kama nangoja kumzika mtoto ndio nijenge. Hiyo ni kuuliza?" Lakini hakuwa na hasira. Alivuta kiti, akakaa, na uso wake ulikuwa na haya na furaha pamoja. "Nilikaa nayo siku mbili. Halafu nikauza ile pikipiki yangu ya bluu, nikaenda nyumbani. Nimeweka boma, Kepher. Nyumba ni ya udongo, vyumba viwili, paa ni la nyasi, lakini nimelala ndani. Wazee wameona. Sasa hakuna mtu wa kusema umeniruka. Wewe lete yale mabati yako. Agosti ikiisha Mama Adoyo na mtoto wawe chini kwa joto."

Apiyo alifunika mdomo kwa mkono.

Aliyesema ni Adoyo, kutoka kwenye mto, kwa sauti ndogo iliyokauka kwa dawa.

"Baba Mkubwa, mabati tuliuza."

"Mliuza?"

"Baba alininunulia mashine ya joto. Iko kwa ukuta, juu ya kitanda changu peke yangu. Inaleta digrii thelathini."

"Inaleta joto? Ya kweli?"

"Sana," Adoyo alisema. "Ni vile tu niliumwa."

Jackton alimtazama mtoto, kisha ndugu yake, na mabega yake yakashuka kidogo, kama ya mtu aliyeambiwa kwamba mzigo aliokuja kuubeba umeshafika. "Kumbe! Basi hata hakuna haja ya kuhama mbio mbio. Mngeniambia. Ni kweli, Kepher? Iko na joto?"

Kila mtu alimngoja. Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya rimoti. Mtoto alikuwa amemwekea mahali pa kusimama, mbele ya ndugu yake, na kilichobaki ni yeye kusema neno moja.

"Haina," alisema. "Ni ya baridi. Ni ya baridi tangu mwanzo, mimi ndio sikujua. Siku tatu nimempulizia mtoto baridi, na nikimuuliza ananiambia ni joto."

"Na mabati yako kwa nani?" Jackton akauliza.

"Mtu wa Sondu."

"Tutayarudisha?"

"Na nini, owadwa, ndugu yangu? Mashine wanaichukua kwa nusu."

Ndugu yake aliitazama chupa ya mursik, kisha mikono yake mwenyewe. Pikipiki ya bluu ilikuwa imeshaenda.

Adoyo hakuwa amelia tangu Alhamisi. Hakulia njiani, wala sindano ilipoingia. Sasa aligeukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika, ingawa kutikisika kulimuumiza. Apiyo alikaa kitandani akamwekea mkono mgongoni, juu juu, bila kumbonyeza.

"Mbona hukuniambia mimi?" alimuuliza. "Nilikuuliza jikoni, baba yako akiwa kazini, sisi wawili tu. Mbona ulisema ni joto?"

Jibu lilikuja likielekea ukutani.

"Baba alikuwa anatoka kazini, hata hajavua gambuti. Anasimama hapo na rimoti. Ananiuliza," Adoyo alisema, "halafu anangoja."